Mwongozo kamili: Namna ya kijiji kuomba mchango wa shirika la umma na kuupata

Kila mwaka barua za vijiji hupelekwa kwenye mashirika ya umma kuomba saruji, bati, madawati au kisima. Nyingi hazijibiwi. Mwenyekiti huulizwa kila mkutano, naye hana jibu, mwishowe watu huamua kwamba shirika linajali mjini tu.

Mara nyingi tatizo limo ndani ya barua. Inaeleza shida za kijiji kwa kurasa mbili, kisha inamalizia: "tunaomba msaada wowote mtakaoona unafaa." Ofisa anayeipokea hana pa kuanzia. Fedha anazosimamia ni za umma, hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na Bunge huzihoji kupitia Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma. Hawezi kuingiza kwenye vitabu kwamba ametoa "msaada wowote".

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi na kamati za ujenzi. Msingi wake ni mmoja: ombeni kipande kimoja cha mradi ambao wananchi wameshauanza, na ombi lipite halmashauri ya wilaya. Shirika hupenda kumalizia kazi inayoonekana. Kijiji ambacho boma lake, yaani jengo ambalo bado halijapauliwa, limefika kwenye renta ya juu ya madirisha kina hoja nzito kuliko kijiji chenye uwanja mtupu, hata kama hicho cha pili ndicho maskini zaidi. Inauma kusema hivyo, lakini ndivyo maamuzi yanavyofanyika, na ni afadhali mjipange mkilijua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika chochote

Tafuteni faili moja gumu na mkusanye haya:

- Muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji uliopitisha mradi, pamoja na karatasi ya mahudhurio yenye sahihi.
- Muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ulioutaja mradi huo kwa jina.
- Uthibitisho kwamba eneo ni la taasisi (shule, zahanati, kijiji) na halina mgogoro.
- Makadirio ya gharama, yaani BOQ, yaliyosainiwa na mhandisi wa halmashauri.
- Profoma (hati za bei) tatu za vifaa kutoka maduka matatu tofauti.
- Daftari la michango ya wananchi na nakala za stakabadhi.
- Takwimu za huduma: wanafunzi na vyumba, wagonjwa na vitanda, kaya na umbali wa kufuata maji.
- Picha za mradi ulipofikia, zilizopigwa mchana, zinazoonyesha jengo zima.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri.

Toeni nakala tatu za kila kitu. Moja ibaki ofisi ya kijiji, moja iende halmashauri, moja iende kwenye shirika. Ofisi ya kijiji isibaki bila nakala hata siku moja, kwa sababu watendaji huhamishwa na faili huondoka nao.

## Hatua ya 1: Tambueni jirani yenu ni nani

Shirika la umma hutazama kwanza jamii zinazoishi kando ya shughuli zake. Hao ndio wanaobeba vumbi, kelele, wanyama waharibifu au mabomba yanayopita mashambani. Hao pia ndio wanaolinda miundombinu wakitendewa vizuri. Kwa hiyo msianze kwa kuuliza shirika gani lina fedha nyingi. Ulizeni ni lipi linafanya kazi karibu nanyi.

Vijiji vinavyopakana na hifadhi za taifa kama Serengeti, Tarangire au Mkomazi jirani yao ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambalo lina utaratibu wake wa siku nyingi wa ujirani mwema, wenye ofisi ya kushughulika na vijiji kwenye hifadhi. Wanaopakana na mapori ya akiba waende TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kilwa, upande wa Songo Songo, na Mtwara vijijini, upande wa Madimba na Mnazi Bay, shirika la umma kwenye gesi ni TPDC, shirika la maendeleo ya petroli. Karibu na mabwawa ya Mtera, Kidatu, Nyumba ya Mungu au lile la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mwenye shughuli ni TANESCO. Pwani na kwenye maziwa makuu iko TPA, mamlaka ya bandari. Kando ya reli ni shirika la reli, TRC, isipokuwa kwenye reli ya TAZARA. Biharamulo kwenye dhahabu na Kiwira kwenye makaa ya mawe, tazameni STAMICO, shirika la madini la taifa.

Kama hamna jirani wa namna hiyo, yapo mashirika yenye ofisi mikoani ambayo shughuli zake zimetapakaa nchi nzima, kama mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF na PSSSF, na shirika la nyumba, NHC. Nafasi ni finyu zaidi, ila ipo. NHC liliwahi kugawa mashine za kufyatulia matofali ya kufungamana kwa vikundi vya vijana kwenye halmashauri, jambo linaloonyesha kwamba shirika hutoa kwa urahisi kile kinachofanana na kazi yake.

NMB na CRDB si mashirika ya umma kwa maana hii, ingawa Serikali ina hisa humo. Zina sera zao za kutenga asilimia 1 ya faida kwa ajili ya jamii, na njia ya kuziomba inaanzia kwa meneja wa tawi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu itawafaa huko pia.

### Msichanganye msaada na haki

Hapa ndipo maombi mengi yanapovurugika, kwa hiyo nitatulia kidogo.

Fidia ya ardhi au mazao yaliyoharibiwa ni haki. Ina sheria yake na mthamini wake. Mkiiweka kwenye barua ya kuomba bati, mnaipunguzia nguvu fidia, na barua itapelekwa kwa mwanasheria wa shirika, ambako itakaa sana.

Ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni ni mapato ya halmashauri. Huo mnaudai kupitia diwani wenu kwenye baraza la madiwani.

Gawio ambalo mashirika hutoa Serikalini kupitia Ofisi ya Msajili wa Hazina huingia Hazina. Halirudi kijijini kwa barua.

Kwenye madini kuna jambo la ziada. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na akubaliane nao na halmashauri. Hapo mradi wenu usipokuwa kwenye orodha ya halmashauri, mgodi hauwezi kuuchukua hata ukiupenda. Vijiji vya jirani na migodi vianzie halmashauri moja kwa moja.

Mmemaliza hatua hii mkiweza kusema kwa sentensi moja: "Tunaliomba shirika fulani, kwa sababu shughuli yake fulani iko kilomita kadhaa kutoka kwetu, na tunachoomba ni mchango."

## Hatua ya 2: Chagueni kipande kimoja chenye mwisho

"Tunaomba tujengewe shule" si kipande. "Tunaomba tukarabatiwe zahanati" bado. Kipande ni kitu ambacho kikiletwa, kazi fulani inakwisha na watu wanaanza kutumia: bati na mbao za kupaua vyumba viwili, matundu sita ya vyoo vya wasichana, madawati sitini, tangi na mabomba ya kufikisha maji ya kisima kilichokwisha kuchimbwa.

Sababu ni mbili. Kwanza, bajeti ya uwajibikaji kwa jamii hugawanywa kwa maombi mengi, na ombi dogo lenye mwisho huingia kirahisi. Pili, ofisa anatakiwa aripoti matokeo. Akiweza kuandika "vyumba viwili vimepauliwa na vinatumika", ametimiza kazi yake. Akipeleka mifuko mia ya saruji kwenye mradi ambao hautakwisha miaka mitatu, hana cha kuripoti.

Ili kupata kipande, orodhesheni hatua zote za mradi zilizobaki. Kwa boma la darasa zitakuwa kupaua, kupiga lipu, sakafu, madirisha na milango, rangi, madawati. Kila hatua iandikiwe nani ataifanya: wananchi, halmashauri, mfuko wa jimbo, shirika. Kile ambacho wananchi hawawezi kabisa, kwa kuwa kinahitaji fedha taslimu nyingi kwa mara moja, ndicho cha kuomba. Mara nyingi ni paa. Mawe, mchanga, kokoto, maji na nguvu kazi visiombwe. Kijiji kinachoomba mchanga na mto upo jirani kinajiharibia.

Onyo: msiombe kitu kitakachohitaji watumishi au gharama za kila mwezi bila kuwa na barua ya halmashauri inayokubali kuzibeba. Zahanati bila mganga na pampu bila fedha za mafuta zimewaponza wengi, na maofisa wanazikumbuka.

## Hatua ya 3: Pitisheni kwenye vikao

Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ijadili na kupendekeza. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hukaa angalau kila miezi mitatu na wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, ndio unaoamua. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya uenyekiti wa diwani, iupokee na kuupeleka halmashauri uingizwe kwenye mpango wa wilaya.

Msikwepe mlolongo huu. Ombi lililosainiwa na mwenyekiti peke yake huonekana kama ombi la mtu binafsi. Na mradi usiokuwa kwenye mpango wa halmashauri huweza kugongana na mwingine: mnaomba vyoo vya shule ambavyo Serikali imeshavitengea fedha.

Muhtasari uandikwe vizuri. Ajenda ya mradi iwe na maamuzi matatu yanayosomeka: mradi umekubaliwa, kila kaya itachangia nini na lini, na kamati ya ujenzi imechaguliwa, wanawake wakiwemo. Majina ya kamati yaandikwe. Sahihi za mahudhurio ziwe za siku ileile. Karatasi iliyopitishwa nyumba kwa nyumba baadaye hujulikana: kalamu ni moja, mwandiko ni mmoja, na mahudhurio ni mazuri kuliko kawaida ya kijiji chochote.

## Hatua ya 4: Pimeni na mkadirie

Mhandisi wa halmashauri afike, apime, asaini. Kama usafiri ni kikwazo, mtendaji wa kata amwombe apange siku anayopita kukagua miradi mingine ya kata hiyo, apite na kwenu. Msikubali makadirio ya fundi wa kijiji peke yake, hata akiwa fundi mzuri. Shirika haliwezi kuyatumia.

Kwenye makadirio angalieni mambo haya. Bati iandikwe geji na urefu, si "bati nzuri". Namba ya geji ikipanda, bati inakuwa nyembamba: geji 30 ni nyepesi kuliko geji 28, na kwenye shule iliyo mahali pa upepo tofauti hiyo huonekana msimu wa kwanza. Mbao ziandikwe vipimo, na kwamba zimetiwa dawa. Saruji iandikwe daraja lake, 32.5 au 42.5, kwa kuwa ya nguzo na renta si lazima iwe sawa na ya lipu. Misumari, kofia za bati na ubao wa pembeni mwa paa visisahaulike. Vitu hivi vidogo ndivyo husimamisha kazi wakati bati zimeshafika.

Kisha chukueni profoma tatu zenye tarehe za karibuni. Zikizidi miezi mitatu, badilisheni.

Hatua hii imefanikiwa kama mgeni asiyewajua akisoma karatasi zenu anaweza kwenda dukani na kununua kila kitu bila kuwapigia simu.

## Hatua ya 5: Andikeni barua ya ukurasa mmoja

Barua ni ukurasa mmoja. Maelezo mengine yote ni viambatisho. Msomaji wa kwanza ni ofisa wa masijala, wa pili ni kitengo cha uhusiano au uwajibikaji kwa jamii, na wote wawili wanatafuta kitu kimoja: nani anaomba nini, kwa ajili ya nini.

Huu ni mfano. Namba ni za kuonyesha tu, wekeni zenu.

*OFISI YA SERIKALI YA KIJIJI CHA ........*
*Kumb. Na. ........ Tarehe ........*

*Mkurugenzi Mkuu,*
*(Jina la shirika), S.L.P. ........*

*Kupitia kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya ........*

*YAH: OMBI LA BATI 110 NA MBAO ZA KUPAUA VYUMBA VIWILI VYA MADARASA, SHULE YA MSINGI ........*

*Tafadhali husika na somo la hapo juu.*

*2. Shule yetu iko kilomita 4 kutoka (shughuli ya shirika). Ina wanafunzi 412 na vyumba 5, wastani wa wanafunzi 82 kwa chumba, wakati kiwango ni 45.*

*3. Wananchi wamejenga boma la vyumba 2 hadi renta kwa michango ya Sh. ........ na nguvu kazi. Vikikamilika, wastani utashuka hadi wanafunzi 59 kwa chumba.*

*4. Tunaomba bati 110 za geji 28 na mbao kwa mujibu wa makadirio ya mhandisi yaliyoambatishwa, vyote vikiwa na thamani ya Sh. ........*

*5. Kijiji kitagharamia usafirishaji kutoka wilayani, ufundi na sakafu. Halmashauri imeridhia kuleta madawati (barua imeambatishwa). Kazi itakamilika ndani ya wiki 8 tangu kupokea vifaa.*

*6. Msimamizi ni Kamati ya Ujenzi iliyochaguliwa na Mkutano Mkuu wa tarehe ........ Taarifa ya matumizi tutaiwasilisha kwenu ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika.*

*Nawasilisha.*

*(Sahihi na mhuri: Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mtendaji wa Kijiji)*

Tazameni kichwa cha habari. Kinataja idadi, kitu, kazi na mahali. Ofisa akisoma mstari huo tu, ameshajua aipeleke wapi. Kichwa kinachosema "YAH: OMBI LA MSAADA" kinafanana na vingine vyote vilivyo mezani kwake.

Aya ya 3 ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hapo ndipo jasho la kijiji linapoonekana kwa namba. Msiipunje. Kama wananchi walichimba msingi, andikeni siku ngapi na watu wangapi, mhandisi anaweza kuwasaidia kuipa thamani ya fedha. Jengo la wananchi likiwa na thamani ya milioni kadhaa kabla shirika halijaleta hata msumari, ombi lenu linakuwa la kumalizia. Hilo ndilo mlilokuwa mkilitafuta tangu mwanzo.

Takwimu zenu ziwe za kweli, hata zikiwa hazipendezi. Kwenye mfano huu wanafunzi 59 kwa chumba bado ni wengi, na barua inasema hivyo wazi. Kwa vyoo, tumieni kiwango kinachojulikana: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Ofisa atakuja kuhesabu.

Lugha iwe ya heshima na ya moja kwa moja. Msijishushe. Hakuna haja ya "sisi wanyonge tusio na mbele wala nyuma". Mnaongea na taasisi ambayo ni mali ya umma, na ninyi ni sehemu ya umma huo.

## Hatua ya 6: Pelekeni kwa wakati

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bajeti za mashirika hupikwa miezi mingi kabla ya hapo na kupitishwa na bodi zao. Barua inayofika Mei inakuta fedha za mwaka huo zimekwisha na za mwaka ujao zimeshapangwa.

Lengeni Septemba hadi Desemba ili muwahi mipango ya mwaka unaofuata. Vikao vya kijiji na kata vifanyike kabla, kati ya Juni na Agosti, watu wakiwa wametoka kuvuna na michango inawezekana.

Pelekeni barua kwa mkono kwenye ofisi ya shirika iliyo karibu nanyi, na nakala makao makuu. Nakala yenu igongwe mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, na mwandike namba ya usajili ya masijala. Bila namba hiyo ufuatiliaji hauna pa kushika.

Kama ombi ni la elimu, muulizeni ofisa kama shirika lingependa mchango upitie Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA. Wachangiaji wa mfuko huo hupata hati inayotambulika kwenye masuala ya kodi. Kijiji kikilijua hilo na kulitaja kwa adabu, kinakuwa kimewarahisishia kazi.

Onyo kubwa: kupeleka ombi ni bure. Hakuna ada ya fomu, ya kufungua faili, wala ya "kusukuma". Vishoka hupita vijijini wakidai wana mtu ndani ya shirika na wakitaka asilimia kumi ya mchango. Anayetaka fedha mripotini TAKUKURU kwa namba 113, simu ni bure. Na msimpe mtu wa nje muhuri wa kijiji wala karatasi zilizosainiwa zikiwa wazi.

## Hatua ya 7: Fuatilieni, na muwe tayari kukaguliwa

Mpeni mtu mmoja kazi ya kufuatilia, kwa kawaida mtendaji wa kijiji. Watu watano wakipiga simu kwa nyakati tofauti huleta mkanganyiko.

Baada ya mwezi mmoja apige simu akitaja namba ya masijala na kuuliza barua iko kwenye ofisi gani. Baada ya miezi mitatu, kama hakuna jibu, iandikwe barua fupi ya kukumbushia yenye nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Diwani na mbunge wanaweza kusaidia kuuliza. Wasiligeuze ombi kuwa lao, maana likishapakwa rangi ya siasa, mashirika hurudi nyuma.

Shirika likivutiwa, litatuma watu kuangalia. Siku hiyo kamati yote iwepo, mwalimu mkuu awe na rejista mezani, daftari la michango liwe wazi. Waonyesheni boma lenyewe kwanza, kabla ya hotuba. Wakiuliza kwa nini kaya fulani hazijachangia, jibuni ukweli: wazee, wagonjwa na kaya zisizojiweza zimesamehewa kwa uamuzi wa mkutano. Jibu hilo, likiwa limeandikwa kwenye muhtasari, hujenga imani kuliko kudai kila mtu amechangia.

## Hatua ya 8: Pokeeni vifaa kwa macho manne

Mashirika mengi hutoa vifaa badala ya fedha. Fedha zikitolewa, zipite kwenye akaunti ya taasisi au ya halmashauri kwa namba ya malipo ya Serikali. Akaunti ya mtu binafsi haikubaliki, hata kwa usiku mmoja.

Siku ya mapokezi, kamati ya mapokezi iwe tofauti na kamati ya ujenzi. Hesabuni bati moja moja, na msome geji iliyogongwa kwenye kila bati ya tano au ya sita. Fungueni mizigo ya katikati, maana wizi wa njiani haufanyiki juu ya lundo. Mfuko wa saruji ubonyezwe pembeni: ukiwa na mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, urudi. Alama ya shirika la viwango, TBS, iwepo.

Andikeni hati ya makabidhiano papo hapo: kilicholetwa, kilichopungua, kilichokataliwa, majina na sahihi za pande zote. Pungufu lisiloandikwa siku hiyo linahesabiwa kuwa mmelipokea.

Stoo iwe na makufuli mawili na funguo kwa watu wawili tofauti. Saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itoke kwanza. Kila kinachotoka kiandikwe kwenye leja: tarehe, idadi, kazi, aliyechukua.

## Hatua ya 9: Jengeni, kisha ripotini

Anzeni ndani ya wiki mbili. Bati zikikaa stoo msimu mzima, shirika litasikia, na jirani zenu watakosa kwa sababu yenu.

Mhandisi akague kabla ya kupiga bati, siyo baada. Kenchi mbovu ikifunikwa haionekani tena hadi upepo uifumue.

Taarifa iwe ya kurasa mbili au tatu: vifaa vilivyopokelewa, vilivyotumika, vilivyobaki, mchango wa wananchi, picha za kabla na baada, zilizopigwa kutoka pembe ileile, na idadi ya watu wanaotumia jengo sasa. Bati zikibaki nane, andikeni nane, na mpendekeze zitumike wapi. Nakala ibaki kwenye faili, kwa kuwa wakaguzi wa ndani wa halmashauri watakuja, na Mwenge wa Uhuru ukipangiwa kupita kwenye mradi wenu, kitu cha kwanza kuulizwa ni nyaraka.

Wekeni kibao kidogo chenye jina la shirika na la wananchi, yote mawili. Sherehe ya uzinduzi isile fedha za mradi.

## Mkikataliwa

Ombeni sababu kwa maandishi. Majibu huwa ya aina tatu. "Bajeti imekwisha" maana yake ni kurudisha ombi Septemba na profoma mpya. "Si eneo letu la kipaumbele" maana yake ni kubadilisha kipande: shirika lisilojenga madarasa huenda linatoa madawati au vifaa vya zahanati, kwa hiyo ulizeni linatoa nini kabla ya kuandika tena. "Mradi hautambuliki na halmashauri" maana yake mrudi Hatua ya 3.

Wakati mnasubiri, msisimamishe kazi. Pigeni lipu ya ndani, jazeni kifusi cha sakafu, fyatueni matofali ya vyoo. Kisha pigeni picha upya na muiambatishe kwenye ombi la pili, pamoja na ya mwaka jana.